Maswali ya Wasomaji: Matabaka ya Meshi Kwenye Uso Uliopinda

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho unahusu kuiga kwa kompyuta mtiririko wa hewa kwenye bawa la NACA 0012 (umbo sanifu la bawa), lenye upana wa mita 1 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, hewa ikienda kwa kasi ya mita 50 kwa sekunde. Nimegawa uso wa bawa katika vipande vya milimita 2, kisha nikapandisha juu yake matabaka 34 ya seli (vyumba vidogo ambamo kompyuta hukokotoa hewa), la kwanza likiwa na unene wa mikromita 8 na kila linalofuata likizidi lililotangulia kwa asilimia 20. Meshi ya kawaida, yaani mtandao wa seli zenye kingo zilizonyooka, inakubali, ila mchoro wa shinikizo una meno meno karibu na ukingo wa mbele. Nilipobadili elementi (yaani seli) ziwe za daraja la pili, zenye nodi, yaani nukta, ya ziada katikati ya kila ukingo, ili zifuate mpindo wa bawa, programu ilikataa ikidai kuna seli zenye ujazo hasi. Nimeongeza matabaka, nimepunguza, hali ni ile ile. Kosa liko wapi?
*Mwanafunzi wa uhandisi mitambo, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba. Matabaka yako hayana kosa. Kwa kanuni ya kukadiria ya bamba bapa, tabaka mpaka la hewa (hewa inayopunguzwa kasi na ukuta) kwenye bawa hilo hufikia unene wa milimita 18 hivi kwenye ukingo wa nyuma, na matabaka yako 34 yakijumlishwa yanakaribia milimita 20, kwa hiyo yanalifunika lote. Kosa liko chini yake, kwenye uso wenyewe. Rangi haifichi lipu iliyopigwa vibaya, na tabaka la seli huchukua kila kasoro ya uso uliolibeba.

Chukua karatasi tuhesabu. Nusukipenyo cha ukingo wa mbele wa NACA 0012 ni takriban asilimia 1.6 ya upana wa bawa, yaani milimita 15.9 kwa bawa lako. Kipande kilichonyooka cha milimita 2 ni ugwe wa tao la ukingo huo, yaani mstari unaounganisha nukta mbili za tao, na pengo kati ya katikati ya ugwe na tao hupatikana kwa kugawa mraba wa urefu wa ugwe kwa nusukipenyo mara nane. Jibu ni milimita 0.031, au mikromita 31. Sasa jumlisha matabaka yako matatu ya kwanza: 8, 9.6 na 11.5, jumla mikromita 29. Ulipodai elementi za daraja la pili, programu ilichukua nodi ya katikati ya kila kipande na kuisukuma nje hadi kwenye tao halisi, ikaivusha matabaka yote matatu na kuitua ndani ya la nne, huku nodi za matabaka hayo zikibaki pale pale. Seli ambayo sakafu yake imepanda juu ya dari yake haiwezi kuwa na ujazo chanya. Meno meno ya shinikizo nayo yana asili hiyo hiyo, kwani katika meshi ya kawaida hewa inapita juu ya poligoni (umbo la pande nyingi zilizonyooka), na kila inapozunguka kona ya poligoni inaongeza kasi kidogo na shinikizo linashuka.

Dawa ya kwanza ni kufupisha vipande vya ukingo wa mbele peke yake. Kwa kuwa pengo hupungua kwa mraba wa urefu, vipande vya milimita 0.5 vinalishusha hadi mikromita 2, yaani robo ya tabaka la kwanza, na hapo nodi ya katikati inasogea bila kumgusa jirani. Ukihamia kwenye bawa la pande tatu, usifupishe vipande kwa urefu wa bawa, maana upande huo haujapinda na utajaza kumbukumbu ya kompyuta bure.

Dawa ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi: anza na tabaka moja nene la milimita 20, lipinde lifuate bawa, halafu ndipo uligawe katika matabaka 34 kwa kutumia mpindo wake wenyewe. Msogeo wa mikromita 31 si kitu kwa seli nene kiasi hicho, na matabaka yanayozaliwa ndani yake yanarithi mpindo tayari. Njia hii ilichapishwa mwaka 2015 na watafiti wa Imperial College London.

SWALI: Kwa nini tusitumie pembetatu ndogo ndogo za kawaida hadi ukutani, tukaachana na usumbufu wa matabaka?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Kwa sababu ya jambo alilolieleza mwanasayansi Mjerumani Ludwig Prandtl huko Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1904: karibu na ukuta, kasi ya hewa hubadilika haraka mno ukiuacha ukuta, na polepole ukiufuata. Seli ya milimita 2 kwa mikromita 8 inaendana na hali hiyo, ingawa urefu wake ni mara 250 ya unene. Pembetatu zenye pande sawa za mikromita 8 zingehitaji vipande zaidi ya 250,000 kuzunguka bawa la mwenzako wa Dar es Salaam, na hapo ni safu ya kwanza tu, katika mchoro wa pande mbili.