Kuwapandisha vijana wa miaka 16 timu ya wakubwa

Kocha wa Igoma, nimekuelewa: una winga na beki wa kati wa miaka 16 wanaong'aa timu ya vijana, ila viongozi wanaogopa kuwapanga na wakubwa.

Usianzie kwenye mechi. Kwa wiki 6 wafanye mazoezi na wakubwa siku 2 kwa wiki, na siku hizo wasifanye tena na vijana wenzao. Hapo ndipo wengi huumia, kwa kubeba ratiba mbili. Kisha mpe winga dakika 15 hadi 20 za mwisho, nyuma yake akiwepo beki mzoefu wa kumfunika. Msimwingize mkiwa mmeshafungwa 3-0, mnamtwisha mzigo usio wake.

Beki wa kati asubiri zaidi, maana kosa lake moja ni goli. Mjaribu kwanza beki ya pembeni, mechi za kirafiki.

Yeyote kati yao akilalamika maumivu chini ya pia ya goti, msimamishe aonwe na daktari, asichuliwe. Mifupa yake bado inakua.

Mkataba wasaini na mzazi akiwepo. FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kusaini mkataba wa kulipwa wa zaidi ya miaka 3.