Madogo mnaosoma mifupa na jeni, acheni kukremu

Jana nimekaa Raskazone na madogo wa mwaka wa kwanza wamerudi likizo, wananisomea desa, mmoja anajiamini kabisa eti binadamu katokana na sokwe. Dogo! Sokwe ni binamu yako, mna babu mmoja wa miaka kama milioni 6 au 7 nyuma. Chai ilinipalia.

1. Hominidi na hominini sio kwamba mchapaji kakosea. Hominidi gorila na sokwe wamo, hominini ni upande wetu tu baada ya kuachana na sokwe.

2. Zinj wa Olduvai, yule wa fuvu la kale lililookotwa na mtafiti Mary Leakey 1959, sio babu yetu. Siku hizi anaitwa Paranthropus boisei, tawi la pembeni lililokauka. Desa linalosema vingine kafungie vitumbua.

3. Heterozaigasi, yaani mwenye jeni mbili zisizofanana za sifa moja, kama AS: A nzima, S ya selimundu. Hapa tulieni. Likizo yangu ya kwanza nimeenda Muheza kwa shangazi, mtaa mzima "msomi kaja", jirani akaniletea karatasi ya majibu ya mwanawe imeandikwa AS. Nikaitazama kama daktari bingwa nikasema, ana selimundu huyu. Mama wa watu akakaa chini palepale pembeni ya beseni la machungwa, kisu bado kiko mkononi. Jioni upande wa mume washaanza, ugonjwa huu kautoa wapi, kwetu haupo. Siku tatu yule mama hali vizuri, mpaka nesi mmoja akamwambia AS sio SS, SS ndio mgonjwa, huyu mtoto kabeba jeni moja tu, haumwi. Mimi nikatumwa nikaombe radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Sasa mwanangu, huko shule unasomea nini?"

Na kinachoniuma, wiki mbili kabla nilikuwa nimejibu kwenye test kwamba mtafiti Anthony Allison alionyesha 1954 kuwa wenye AS wana kinga dhidi ya malaria kali, nikapewa tiki. Muheza na mbu wake wote wale, na sikuunganisha!

4. AS na AS wakizaa, robo ya kupata SS ni kwa kila mimba, sio kwamba anasubiriwa mtoto wa nne.

5. Drifti, jeni kuongezeka au kupotea kizazi hadi kizazi, ni bahati nasibu; seleksheni, mazingira kubakiza jeni zinazosaidia kuishi na kuzaa, sio. Msinichoshe.

Shangazi mpaka leo, nikiingia kuna mtu kaja na majibu ya hospitali, karatasi inapotelea kwenye khanga.