R-40 ndani ya mtungi wa R-134a: ni gesi gani, na ina hatari gani?

SWALI: Mimi ni fundi wa majokofu Ngamiani, Tanga, na wateja wangu wengi ni wauza samaki. Nimeletewa mtungi ulioandikwa R-134a, gesi ya kupozea friji, kwa nusu ya bei niliyozoea. Mwenzangu anasema huenda ndani mna R-40. Hiyo ni gesi gani? Na kama friji inapoza, ubaya uko wapi?

JIBU: Fundi, usijaze gesi hiyo kwenye friji yoyote mpaka ipimwe.

R-40 ni methili kloridi, kwa jina jingine kloromethani: kaboni moja, hidrojeni tatu, klorini moja. Viwandani huipata kwa kukutanisha methanoli na hidrojeni kloridi. Bahari nayo huitoa, na hata kuni zikiungua hutoka kidogo. Si gesi isiyo na faida. Silikoni unayozibia vioo huanzia kwenye methili kloridi iliyopitishwa juu ya silikoni ghafi (elementi yenyewe, si ile ya kuzibia) yenye shaba, kwenye joto la nyuzi 300 hivi. Mpira wa butili, ule wa tyubu nyingi za baiskeli zinazojaa mitaa ya Tanga, nao hutengenezwa ndani ya kimiminika chake kilichopozwa sana.

Kupoza, inapoza kweli. Miaka ya 1920 friji nyingi ziliitumia, na zilipovuja usiku ziliua watu majumbani. Ndiyo sababu moja iliyofanya Freon, gesi za kupozea zisizowaka na zisizo na sumu kali, zipokelewe kwa haraka miaka ya 1930. Huchemka kwenye nyuzi 24 chini ya sifuri, wakati R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Zimekaribiana mno, kwa hiyo zikichanganywa geji yako ya presha haitakupa jibu la kuaminika. Pua nayo isikudanganye: harufu yake ni ya utamu hafifu, na unaweza kuvuta kiasi cha kukudhuru bila kuisikia.

Hatari kubwa kuliko zote ni alumini. Mashine za zamani zilijengwa kwa kuiepuka. Kompresa za leo zina alumini ndani, na kondensa (mabomba ya kutolea joto) nyingi pia. R-40 ikikaa na alumini hutengeneza trimethili alumini, kitu kinachowaka chenyewe kikigusa hewa na kulipuka kikikutana na maji. Friji inaweza kufanya kazi vizuri kwa muda, kisha ikalipuka siku fundi anapoifungua. Mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyokuwa yamehudumiwa Vietnam yalilipuka na kuua mafundi. Uchunguzi ukaelekea kwenye R-134a bandia yenye R-40. Naliandika hili kwa uchungu, maana waliokufa walikuwa wakifanya kazi ile ile unayoifanya wewe.

Kwa mwili, R-40 hushambulia ubongo na mishipa ya fahamu. Mtu hupepesuka kama mlevi, ulimi huwa mzito, hutapika, na akizidiwa hupata degedege. Dalili zaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, kwa hiyo aliyeivuta apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa. Ni nzito kuliko hewa, hutulia chini kwenye karakana ndogo, na inashika moto.

Kipimo cha uhakika ni mashine ya kutambua aina ya gesi. Ukiikosa, ipo taa ya moto yenye kipande cha shaba: R-134a haina klorini, hivyo moto ukigeuka kijani gesi si safi. Inaweza kuwa hata R-22, gesi nyingine ya kupozea yenye klorini, lakini si ile iliyoandikwa kwenye mtungi. Pima uwanjani, kwa gesi kidogo sana, upepo ukiwa mgongoni, kwa sababu moshi wake ni sumu.

Kama tayari umejaza friji ya mteja, izime. Usikate bomba, usichomelee, usifungue kompresa wala usiitoe gesi ndani ya chumba. Iwekwe mahali penye hewa, mbali na moto na watoto, iandikwe kwa herufi kubwa HATARI R-40. Kisha wasiliana na ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na mtungi wenyewe uuhifadhi kama ushahidi. Usimrudishie muuzaji akaenda kumuuzia fundi mwingine.