Saundikadi inajichomoa yenyewe na hakuna aliyeigusa

SWALI
Shikamoo kaka. Mimi ndo narekodi kwaya yetu hapa Moshi, Majengo, natumia laptopu ya mtumba yenye Ubuntu 24.04 (Linux), saundikadi ya USB ya inputi mbili (kile kiboksi cha kuchomekea maiki) na Ardour, programu ya kurekodia. Sasa hii saundikadi inajitoa yenyewe. Wimbo tunauanza vizuri kabisa, ubeti wa kwanza unaingia, mara Ardour inalalamika kifaa hakipo, na nikiwasha ile batani ya 48V kwa ajili ya maiki mbili za kondensa ndo hata dakika haziendi. Siku zingine hata haturekodi, tumekaa tunasubiri watu wa sauti ya tena (tenor) wafike, nikirudi kwenye mashine naikuta imepotea mpaka nichomoe waya nichomeke tena. Laptopu ina matundu mawili tu kwa hiyo nimeweka habu (kigawanya matundu ya USB), humo kuna saundikadi, mausi na hadi diski (hard disk) ya nje ninayosevia. Kuna jamaa pia aliniwekea powertop, programu ya kubana umeme, iwe inajiwasha yenyewe ili betri ikae. Kwenye Windows ya rafiki yangu inapiga fresh tu, watu wananiambia Linux haina draiva yake nirudi huko. Nimekutumia na logi. Nifanyeje?
Fundi wa kwaya, Moshi

JIBU
Marahaba mdogo wangu. Hiyo ya draiva waambie wakuache kidogo, kama draiva ingekuwa haipo usingerekodi hata huo ubeti mmoja. Saundikadi nyingi za USB za siku hizi zinafuata kanuni moja ya sauti na Linux inaziendesha zote kwa snd-usb-audio, imo ndani ya keneli (moyo wa Linux) tayari, huna cha kudaunlodi.

Umefanya la maana kuleta logi, wengi wananiandikia "inakata" halafu basi, nibashiri mwenyewe. Angalia hapa kwako: "usb 1-2.3: USB disconnect, device number 7", chini yake "new high-speed USB device number 8", mbele huko 9, mbele 10. Hizo namba zinazopanda maana yake keneli kila mara inaamini mtu amechomoa kifaa akachomeka kingine kipya, yaani Ardour haina kosa lolote hapo, yenyewe inapewa taarifa tu kama wewe. Na hiyo 1-2.3 isome vizuri: basi (njia ya USB) ya 1, tundu la 2 la laptopu, halafu nukta 3 ni tundu la tatu la habu yako. Ukiandika lsusb -t utaona mti mzima, saundikadi imening'inia tawi moja na hadi diski.

Ila mimi naona una magonjwa mawili, usiyatibu kwa dawa moja.

La kwanza ni hili la kukata katikati ya wimbo. Hapo mtu yeyote utakayemuuliza atakwambia zima autosuspend, yaani kule kulaza vifaa vya USB ili kubana umeme, na atakuwa amekosea, kwa sababu wakati sauti inapita keneli hailazi kifaa, kinalazwa kikiwa hakina kazi. Ikikata mnaimba, tafuta umeme na waya. Tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500, la USB 3.0 ni 900. Habu isiyo na adapta yake inachukua hizo 500 na kuzigawa, na kwa kanuni kila tundu lake linaahidiwa 100 tu. Sasa weka hapo hadi diski inayozunguka, weka saundikadi, halafu washa 48V ambayo saundikadi inaitengeneza kutokana na volti 5 hizo hizo za USB, ndo maana batani yako inaharakisha msiba. Ukitaka kujua saundikadi inaomba ngapi, andika sudo lsusb -v halafu tafuta MaxPower kwenye sehemu yake.

Kwa hiyo saundikadi iende moja kwa moja kwenye tundu la laptopu, mausi na diski zibaki kwenye habu, na hiyo habu ukipata yenye adapta yake ya ukutani ndo vizuri zaidi. Na kwa yule rafiki wa Windows, ulienda na habu yako au ulichomeka moja kwa moja? Maana huenda ulibadilisha mambo mawili ukahesabu moja.

Waya nao uuangalie. Ule mwembamba wa kuchajia simu hapana, tumia mfupi na mnene, na usiupitishe sambamba na nyaya za umeme za amplifaya. Fungua terminali uache sudo dmesg -w, inayoonyesha ujumbe wa keneli, inatembea huku kwaya inaimba, mtu mmoja auguse waya taratibu pale unapoingia. Ukiona "disabled by hub" na neno EMI (mwingiliano wa umeme), au error -71, hapo mawasiliano yanavurugwa njiani, anza na waya na njia unayopita. Ukiona over-current, ni umeme.

La pili, hii ya kupotea mkiwa mmekaa, hapo sasa namuangalia jamaa wa powertop. Keneli yenyewe kwa kawaida inalaza habu tu, vifaa vingine inaviacha macho. Lakini powertop --auto-tune inapita kwa kila kifaa cha USB inaandika auto, na kifaa kikikaa bila kazi kinalazwa, muda wa kawaida ni sekunde 2, na kuna saundikadi zikilala haziamki. Hakikisha hivi, ukishaihamishia kwenye laptopu, sema imekuwa 1-2:

cat /sys/bus/usb/devices/1-2/power/control

Ikijibu auto, ndiye huyo. Jaribu papo hapo:

echo on | sudo tee /sys/bus/usb/devices/1-2/power/control

Ikitulia, zima ile huduma ya powertop isijiwashe tena, uwashe kompyuta upya. Usikimbilie kuandika sheria ya udev (kinachopanga vifaa vinapochomekwa) kabla ya hapo, maana udev inaandika on kifaa kinapoingia, powertop inakuja baadaye inaifuta unabaki unashangaa. Na ukiifungua powertop ukaona mbele ya saundikadi imeandika Bad usishtuke, ubaya wenyewe ni wa betri tu, na kwenye mazoezi si mnakuwa na chaja?

SWALI
Bro mimi niko Arusha, Sakina, yangu haipotei ila nikinyamazisha muziki kidogo halafu nikipleyi tena inatoa "tik" na mwanzo wa sauti unaliwa. dmesg haisemi kitu.

JIBU
Kama dmesg imekaa kimya basi USB yako nzima, huyo ni WirePlumber, msimamizi wa PipeWire (mfumo wa sauti wa Linux), anasimamisha kifaa baada ya sekunde 5 za ukimya. Kipengele kinaitwa session.suspend-timeout-seconds, kiweke 0. Angalia toleo lako kwanza kwa wireplumber --version, kwa sababu 0.4 mipangilio yake ni ya lugha ya Lua na kuanzia 0.5 ni mafaili ya .conf, ukikopi ya mwenzako wa toleo lingine haitafanya chochote na wala haitakwambia.