Maswali yenu: kuingiza Palm na Pocket PC kwenye intaneti kwa laini ya simu

Maswali yamekuwa mengi tangu watu waanze kufufua hivi vikompyuta vya mkononi vya zamani, na mimi nafurahi sana maana ni vifaa vizuri ambavyo havikustahili kuozea kwenye droo. Nayajibu moja moja, yanayofanana nimeyaunganisha.

Nina Palm na modemu yake ya kubandika. Naanzia wapi?

Anzia kwa kampuni ya intaneti kwanza, kifaa kiache. Ulizia kama huduma ya intaneti ya kupiga simu (dial-up) bado ipo, kwa sababu wengi wameshaizima, hata AOL ya Marekani waliifunga tarehe 30 Septemba 2025. Kama ipo, omba namba ya kupiga, jina la mtumiaji, neno la siri, na anwani za DNS (mashine zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba) kama wanataka uziandike mwenyewe (siku hizi mara nyingi hawataki).

Ukishapata hivyo fungua Prefs, kule juu kulia kuna kamenyu kadogo, chagua Modem kwanza uhakikishe modemu uliyonayo ndiyo iliyochaguliwa na spidi ni 57,600 (biti kwa sekunde), halafu rudi uchague Network. Jaza jina, gusa sehemu ya neno la siri uliandike (ukiiacha itabaki imeandikwa Prompt na itakuuliza kila ukipiga), kisha namba ya simu. Ingia Details, aina ya muunganisho iwe PPP (utaratibu wa kupitisha intaneti kwenye laini ya simu au waya), weka tiki kwenye Query DNS na kwenye IP (anwani ya kifaa chako mtandaoni) ya otomatiki. Ukitoka hapo bonyeza Connect, basi. Kuandika script (amri za kuingia hatua kwa hatua) hapana, isipokuwa kampuni yenyewe imekwambia, nimeona watu wanahangaika na script wiki nzima na haikuhitajika kabisa.

Inapiga, inalia kelele kidogo halafu inakata. Modemu imekufa?

Karibu kila mara haijafa! Na hili ndilo ningependa mlielewe kuliko yote, kwamba muunganisho huu una hatua zake na kila hatua ikifeli inafeli kwa namna yake, kwa hiyo usibadilishe setingi tano kwa mkupuo, jua kwanza imeishia wapi. Ongeza sauti ya spika ya modemu usikilize. Kama hakuna mlio wowote wa kupiga, shida ni waya au modemu haijasikia mlio wa laini. Kama inapiga na upande wa pili unapokea, zile kelele za kukwaruza ni modemu mbili zinakubaliana spidi, zikirudia rudia halafu zikakata basi laini ni chafu, toa simu nyingine zote zilizochomekwa kwenye laini hiyo, badilisha waya, kisha punguza spidi. Kelele zikiisha pakawa kimya halafu ndiyo ikakata, hapo laini haina kosa lolote, umefika mlangoni umekataliwa, angalia jina na neno la siri. Herufi kubwa na ndogo zinahesabika, na kampuni nyingi zinataka jina lote pamoja na @ na kilichofuata, siyo jina tupu.

Kwenye Palm kuna kitu wengi hawakijui, wakati inaunganisha bonyeza kitufe cha kushuka chini, lile dirisha linaonyesha maelezo zaidi ya kila hatua. Ikiishia Dialing ni mambo ya laini, ikiishia Signing On ni mambo ya akaunti. Hapo hubahatishi tena.

Nikiinua simu ya nyumbani nasikia mlio wa laini vizuri, ila modemu inasema hakuna mlio.

Mlio wa laini yako unatofautiana na ule modemu iliofundishwa kuutambua, inatokea sana kwenye laini zenye ujumbe wa sauti ambapo mlio unakatika katika. Ongeza X3 kwenye amri za modemu, yaani AT&FX3, itapiga bila kusubiri mlio. Kwenye Pocket PC tafuta tu ile tiki ya kusubiri mlio kabla ya kupiga uitoe.

Laini yangu inatoka kwenye ruta ya faiba. Itafanya kazi?

Inaweza, ila usitegemee raha. Simu ya namna hiyo sauti yako inageuzwa kuwa pakiti na mara nyingi inabanwa ili ichukue nafasi ndogo, sasa sikio la binadamu halijali ila modemu inajali sana, ikipotea pakiti moja tu muunganisho unayumba. Kama ruta inakuruhusu kuchagua kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa data) weka G.711 ambayo haibani, zima kile cha kuondoa mwangwi, na ulazimishe modemu ishuke hadi 14,400 au hata 9,600. Afadhali taratibu inayokaa kuliko 33,600 inayokatika kila dakika mbili.

Nataka kupiga kutoka ofisini, lazima nianze na 9.

Andika 9 kisha koma kabla ya namba. Koma moja ni kusubiri kama sekunde 2, ukiona laini ya nje inachelewa weka mbili. Lakini tafadhali sana, uliza kwanza kama hiyo laini ni ya analogi. Simu za mezani za ofisi nyingi ni za dijitali na umeme wake unaweza kuunguza modemu, ukiunguza ndiyo basi tena. Laini ya mashine ya faksi ndiyo salama zaidi.

Pocket PC yangu haina modemu, naweza kutumia simu ya mkononi?

Ndiyo, kwa infraredi au Bluetooth, na kwa kweli ndiyo njia rahisi kuliko zote kama simu yako ni ya enzi hizo. Start, Settings, Connections, ongeza muunganisho mpya wa modemu, kwenye orodha chagua ile ya IrDA au ya Bluetooth. Namba ya kupiga siyo namba ya kawaida, ni *99# au *99***1# kutegemea na simu, na APN (jina la lango la intaneti) ya mtandao wako lazima iwe imewekwa. Infraredi inataka vifaa vitazamane kabisa, chini ya mita moja, na jua kali linaiharibia. Ila kama mtandao wako umezima 2G, na simu yenyewe haijui 3G, hapo hakuna ujanja.

Imeunganishwa, lakini hakuna ukurasa unaofunguka.

Jaribu kufungua kwa anwani ya namba badala ya jina. Ikifunguka, DNS ndiyo haipo, iandike kwa mkono. Isipofunguka, pengine ni usimbaji (kufunga data isisomwe na wengine) tu: brauza za enzi hizo zinaishia SSL 3.0 au TLS 1.0 na tovuti nyingi leo zinataka TLS 1.2 kwenda juu. Tumia kurasa za http ya kawaida, IRC (maongezi ya maandishi), Gopher (mfumo wa zamani wa kurasa za maandishi), au weka proksi (programu ya kati) kwenye kompyuta ya nyumbani ikufungulie.

Sina kampuni ya kupiga wala laini ya simu.

Huhitaji! Kama krado yako (kitako cha kuwekea kifaa) ni ya kebo ya siriali, chomeka kwenye kompyuta ya Linux, washa pppd (programu ya PPP) kwenye hiyo poti kwa spidi ileile 57,600 ukiweka chaguo za local na noauth, uipe anwani mbili za IP na chaguo la ms-dns, kisha ruhusu kompyuta ipitishe trafiki. Kwenye Palm chagua muunganisho wa siriali ya moja kwa moja badala ya modemu, mengine yote ni yaleyale, PPP na Query DNS. Hakuna dakika za kulipia, na betri hailiwi kama inavyoliwa na modemu za kadi. Ukikwama anza na 9,600 kwanza, ikishika ndiyo upandishe.