Jibu la kitabu likikutia shaka

Vitabu vya marudio vinavyouzwa vibandani katikati ya jiji la Nairobi navipenda. Bei nafuu, maswali tele. Ila majibu ya mwisho wa kitabu, mengine utadhani hayakupitiwa na mtu.

Nafundisha hesabu jioni hapa Buruburu. Juzi mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza chuoni aliniletea swali hili: chama kina wanawake 4 na wanaume 5, kamati ya watu 3 yenye angalau mwanamke mmoja inaweza kuchaguliwa kwa njia ngapi? Kitabu kinasema 112. Yeye alikuwa amepata 74, na tayari ameshika kifutio.

Usifute. Tafuta kwanza jumla ya kamati zote bila sharti lolote: watu 3 kati ya 9 ni njia 84. Sharti hupunguza, haliongezi, kwa hiyo 112 haiwezekani. Kisha ondoa kamati za wanaume watupu, ambazo ni 10. Zinabaki 74.

Si kila jibu baya litajianika hivyo. Likijificha, punguza namba mpaka uweze kuandika majina. Chukua wanawake wawili, Wanjiku na Achieng, na mwanamume mmoja, Mutua; kamati ya watu 2 yenye angalau mwanamke mmoja. Wanjiku na Achieng, Wanjiku na Mutua, Achieng na Mutua: tatu, basi.

Wengi wakifika hapo hukilaani kitabu na kufungua ukurasa mwingine. Mimi sikubali mpaka tujue 112 imetoka wapi. Mwandishi alichagua mwanamke mmoja kati ya 4, kisha wawili wowote kati ya 8 waliobaki, ambao ni njia 28. Mara 4, unapata 112. Ukitumia njia hiyo kwa kina Wanjiku utapata 4, kwa sababu Wanjiku akitangulia kisha Achieng, au Achieng kisha Wanjiku, kamati ni ileile lakini imehesabiwa mara mbili. Kwenye swali letu, kamati 40 zina mwanamke mmoja, 30 zina wawili, na 4 zina watatu. Kila kamati imehesabiwa mara moja kwa kila mwanamke aliyemo, kwa hiyo zidisha kwa 1, 2 na 3 kwa mfuatano huo, jumlisha: 112 kamili.

Halafu soma swali tena polepole. Kama lingesema mwenyekiti lazima awe mwanamke, na wale wawili wawe wanachama tu, 112 lingekuwa jibu sahihi kabisa. Huenda swali lilibadilishwa, jibu likasahauliwa. (Na mtu akikuletea kanuni ya Katiba ya Kenya ya 2010 kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili, kamati za wanawake watupu nazo zinatoka, zinabaki 70. Hilo ni swali jingine.)

Ukienda kwa mhadhiri, usianze na 74. Mwonyeshe kwanza zile kamati tatu za Wanjiku, Achieng na Mutua, umwombe azihesabu kwa njia ya kitabu.