Besi hakuna na amplifaya inajizima: angalia waya kwanza kabla ya kwenda kwa fundi

Ndugu wa Nakuru ameuliza hivi: amenunua amplifaya ya mtumba iliyotoka Uingereza pamoja na spika nne. Ameunga zote, lakini muziki unatoka mwembamba, besi haipo, na akipandisha sauti kupita nusu mtambo unafanya "ka!" na kunyamaza. Anataka kujua kama ameuziwa takataka.

Sidhani. Hayo ni makosa mawili tofauti, na yote mawili nimeyafanya kwa mkono wangu hapa Kisumu, kwenye amplifaya niliyobeba kutoka Kibuye Jumapili moja.

Tuanze na besi. Waya wa spika una njia mbili, na kwa kawaida njia moja imewekewa mstari au maandishi ili uitambue. Nyekundu ya amplifaya iende kwa nyekundu ya spika, nyeusi kwa nyeusi, kushoto na kulia vilevile. Ukigeuza upande mmoja tu, koni ya kushoto (ile sehemu ya spika inayotikisika) inasukuma hewa wakati ile ya kulia inaivuta, na besi inafutika katikati ya chumba. Hakuna kinachoungua wala kutoa moshi, kwa hiyo unaweza kukaa nalo muda mrefu sana. Mimi nilisikiliza benga miezi mitano nikidhani waliorekodi zamani hawakuwa na habari na gitaa la besi.

Kipimo ni rahisi. Weka taarifa ya habari kwenye redio, kaa katikati ya spika mbili. Sauti ya msomaji itoke katikati, kama amesimama mbele yako. Ikiwa inazunguka masikioni huijui imetoka wapi, umegeuza waya. Kama waya hauna alama, chomoa spika kabisa kutoka kwa amplifaya, chukua betri ndogo ya volti 1.5, ile ya rimoti, na ugusishe ncha za waya mara moja tu, kwa sekunde. Koni kubwa ikiruka mbele, ncha iliyo kwenye upande wa kujumlisha wa betri ndiyo nyekundu. Ikirudi ndani, ni kinyume. Watoto wangu waliona huo ni uchawi.

Sasa huko kujizima. Hiyo "ka!" ni swichi ya kinga ndani ya mtambo: imeona umeme mwingi kupita kiasi unaelekea kwa spika, ikakata. Kwa hiyo usiishukuru kwa kuiwasha tena na tena. Una spika nne, na hapo ndipo ninaposhuku. Nyuma ya kila spika kuna namba ya omu, kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme, kwa kawaida 4, 6 au 8. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba upande mmoja, yaani nyekundu zote pamoja na nyeusi zote pamoja, zinakuwa 4. Mbili za 4 zinakuwa 2, na amplifaya nyingi za nyumbani haziwezi mzigo huo. Kadiri omu zinavyoshuka, ndivyo umeme mwingi unavyovutwa. Soma maandishi yaliyo karibu na matundu ya waya nyuma ya mtambo, yanasema kiwango cha chini kinachokubalika, na ukitumia matundu ya A na ya B (jozi mbili za spika) pamoja, mara nyingi hicho kiwango kinapanda.

Kama namba ziko sawa, zima, chomoa plagi ukutani, toa waya zote za spika, kisha uwashe mtambo mtupu. Ukijizima hata hivyo bila spika yoyote, basi ni wa fundi kweli. Ukitulia, mara nyingi shida iko kwenye waya au spika. Yangu ilikuwa hapo kwenye waya. Fundi niliyempelekea aliugeuza tu, akaangalia nyuma kwa tochi ya simu, akachomoa uzi mmoja wa shaba mwembamba kama unywele uliokuwa umelala kati ya nyekundu na nyeusi. Alinitoza pesa ya chai na aibu yangu ikawa ziada. Tangu hapo nachuna waya sentimita moja tu, nasokota nyuzi mpaka zinakuwa kamba moja, ndiyo nachomeka.

Mtu mwingine alikushauri ununue amplifaya yenye wati nyingi zaidi. Pole, hapana, wati hazitatibu waya wala omu. Ni kweli twita nyingi, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zinauawa na amplifaya ndogo iliyolazimishwa, lakini dawa ni kutoilazimisha: sauti ikianza kukwaruza, tayari mawimbi yamekatwa vichwa, na joto lake linaishia kwenye twita. Ukisikia mkwaruzo, shusha. Hata masikio yana hesabu yake: desibeli 85 (kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa 8 ndiyo mwisho unaoshauriwa kazini, na kila ukiongeza 3 muda unapungua nusu. Ukilazimika kumpigia kelele mtu aliye umbali wa mkono, umeshafika huko.

Kwenye stima kuna mambo mawili ambayo sitaki uyapuuze. Angalia volti zilizoandikwa nyuma. Ya Uingereza itakubali 240 zetu bila shida, ila mitumba ya Japani imeandikwa 100, na ukiichomeka moja kwa moja utasikia harufu kabla ya wimbo. Pili, plagi. Ile tabia yetu ya kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie, iache. Plagi hiyo haina fyuzi, inakaa ikilegea, na inatoa cheche. Nenda duka la vifaa vya umeme, funga plagi ya pini tatu yenye fyuzi inayotajwa kwenye mtambo, mara nyingi ampea 3 au 5. Fyuzi ya 13 ni ya pasi na birika. Karatasi ya sigara si fyuzi kabisa.

Huku kwetu ziwani radi hupiga jioni kama ina ratiba. Kile kifaa cha kulinda friji kinasaidia stima inapopanda na kushuka, lakini radi hakiizuii. Mimi mawingu yakijikusanya upande wa Nandi nachomoa plagi na waya wa antena pia, kwa sababu radi haijali imeingia mlango gani. Radi ikishaanza kupasua juu ya paa, usiguse tena, acha.

Na joto. Juu ya amplifaya kuna matundu ya kupumulia. Mama mkwe alitutembelea kutoka Siaya, akapamba sebule kwa vitambaa alivyoshona mwenyewe, kimoja cheupe kikubwa kikalala juu ya mtambo, na juu yake chombo cha maua. Sasa wewe nenda umwambie mama mkwe aondoe kitambaa. Nilisikiliza muziki kwa sauti ya chini wiki mbili nzima, nikakitoa siku aliyopanda matatu. Siku hizo hizo mjusi aliingia kutafuta joto, nikamkuta amekauka kwenye ubao wa ndani. Ukifungua kumtoa mjusi wako, chomoa kwanza na usubiri, maana kondensa kubwa za ndani, vifaa vinavyohifadhi umeme, hubaki nao hata plagi ikiwa mkononi mwako. Kama hujui ni zipi, usifungue.

Kupanga spika utacheza mwenyewe: zitoe kwenye kona, umbali kati yake uwe sawa na umbali unaokaa nazo, twita usawa wa sikio. Nyumba ya simenti na mabati inarudisha mwangwi, mapazia mazito na kochi vinasaidia.

Fanya kipimo cha taarifa ya habari leo jioni kwa spika mbili tu, hizo nyingine ziache pembeni. Halafu utuandikie omu zilizo nyuma ya kila moja na kinachosemwa nyuma ya amplifaya, tuone kama nne zinawezekana.